Umeambiwa una jeni mbovu ya MTHFR? Soma hapa kabla hujatoa hela

Toleo lililopita niligusia tu foliki asidi kwa wajawazito, mistari michache, basi meseji zikamiminika kutoka kila kona, na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, hiyo jeni inayoitwa MTHFR ambayo mitandaoni sasa hivi inabebeshwa lawama za kila ugonjwa, kuanzia uchovu mpaka mimba kuharibika. Barua zinazofanana nimeziunganisha, majina nimeyaacha. Twende.

*

SWALI: Shikamoo dada mfamasia. Mi niko Minneapolis huku Marekani. Nilipima DNA kwa kile kipimo cha kutema mate unatuma kwa posta, majibu yamekuja eti nna MTHFR C677T kopi mbili. Kwenye grupu letu la akina mama wakaniambia foliki asidi kwangu ni sumu, mwili hauwezi kuitumia kabisa, ninunue methili-foleti, yaani foleti iliyoshaandaliwa tayari, na niache mkate wa dukani maana unga wa huku unatiwa foliki. Hiyo methili-foleti bei yake usiulize. Mi na mume wangu tunatafuta mtoto, naogopa sana. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, tulia kwanza. Jeni ya MTHFR kila mtu anayo, hata huyo aliyekutisha. Inatoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya ambacho kinaichukua foleti, yaani vitamini B9 ambayo foliki asidi ni aina yake ya kidonge, iwe ya mchicha au ya kidonge, na kuimalizia iwe katika umbo ambalo linatembea kwenye damu na kufanya kazi. Kwako herufi moja imebadilika, kwenye nafasi ya 677 palipotakiwa kuwa na C pana T, na umerithi T kwa baba na T kwa mama. Mabadiliko haya yalielezwa 1995 na timu ya Rima Rozen kule Montreal, Kanada, kwa hiyo si jambo jipya kama wauza vidonge wanavyotaka uamini.

Kwenye maabara kimeng'enya cha mwenye T mbili kinafanya kazi kama asilimia 30 hivi ya kile cha kawaida, mwenye T moja kama 65. Watu wakisikia 30 wanadhani kitu kimezimika. Hakijazimika, ni kama cherehani iliyolegea mkanda, inashona polepole lakini nguo inatoka. Ukiingia kwenye damu yenyewe tofauti inakuwa ndogo zaidi: CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya hapo hapo Marekani, inasema wenye T mbili na wasio na T wakimeza foliki asidi kiasi kilekile, foleti kwenye damu ya wenye T mbili inakuwa pungufu kwa kama asilimia 16 tu. Sasa mtu ambaye mwili wake "hauwezi kabisa" foleti yake ingepandaje mpaka hapo?

Na kuna jambo ambalo kwenye grupu hawajakwambia. Foliki asidi ndo aina pekee ya foleti ambayo imepita kwenye majaribio makubwa ikaonekana inazuia mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Methili-foleti inapandisha foleti ya damu vizuri tu, sikatai, ila jaribio la kuonyesha inazuia mgongo wazi halijafanyika. Yaani wanakwambia uache kilichothibitishwa uende kwenye ambacho hakijathibitishwa, tena kwa bei mbaya. Huko uliko unga wa ngano unatiwa foliki asidi kwa lazima tangu 1998, mikrogramu 140 kwa kila gramu 100, na CDC inakadiria watoto kama 1,300 kila mwaka wanaepuka kuzaliwa na tatizo hilo. Kati ya Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kusini na Mexico zaidi ya robo wana T mbili kama wewe, na kwao pia matatizo hayo yalishuka baada ya unga kuanza kutiwa foliki. Kula mkate wako mama.

Cha kufanya ni rahisi mpaka kinachosha kusikia: foliki asidi mikrogramu 400 (yaani miligramu 0.4) kila siku, anza sasa hivi kabla hujashika mimba, angalau mwezi mmoja kabla, endelea mpaka wiki ya 12. Mrija wa neva wa mtoto, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, unafunga ndani ya siku 28 toka mimba kutungwa, na muda huo wengi wetu bado tunahesabu siku tukidhani hedhi imechelewa. Methili-foleti kama ulishainunua usiimwage, ila isichukue nafasi ya foliki asidi.

*

SWALI: Dada habari za kazi. Niko Mwanza. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi na kichwa maji, akafanyiwa upasuaji, namshukuru Mungu sasa yuko darasa la kwanza. Tatizo ni mawifi. Mwanzo walisema nimerogwa, sasa mmoja kasoma kwenye simu kwamba ni jeni ya mama, basi imekuwa damu yangu ndo mbaya. Mume anataka nikapime hiyo jeni kabla ya mtoto wa pili, na kipimo nimeambiwa sampuli inasafirishwa nje ya nchi.

JIBU: Hongera sana kwa kumlea huyo mtoto mpaka shule, hao mawifi wangejua usiku uliokesha wangenyamaza. Sasa tuwajibu kwa sayansi yao waliyoisoma kwenye simu.

Moja, kuwa na T mbili lazima upewe moja na baba yako na nyingine na mama yako, na mtoto wako akiwa nazo mbili basi moja imetoka kwa kaka yao. Hakuna "jeni ya mama" hapo. Mbili, akina mama wengi waliozaa mtoto mwenye mgongo wazi hawana hizo T mbili. Kuwa nazo kunaongeza uwezekano, tafiti zikijumlishwa inakuja karibu mara mbili, ila ni mara mbili ya kitu kidogo, na wengi mno wenye T mbili wanazaa watoto wazima kabisa. Tatu, na hii ndo naipenda zaidi: kwetu Afrika kusini mwa Sahara hiyo T ni adimu ukilinganisha na Mexico au Italia, halafu bado wodi zetu zina watoto wa mgongo wazi wengi tu. Kama jeni ndo ingekuwa mchawi mkuu, ingetakiwa iwe kinyume. Kinachotuumiza zaidi huku ni foleti ndogo kwenye chakula na vidonge kuanza kumezwa mimba ikiwa na miezi minne mitano. Wengi tunaenda kliniki tumbo limeshaonekana, tunapewa vidonge vya kuongeza damu, vizuri kwa damu, ila mrija wa neva ulishafunga zamani. Kuna mengine pia yanayochangia, kisukari ambacho hakijadhibitiwa, unene uliopitiliza, na dawa za kifafa hasa valproeti. Kama unameza dawa ya kifafa usiiache kienyeji, ongea na daktari kwanza.

Sasa hela ya kipimo iache. Majibu yoyote yatakayotoka, iwe T mbili au hamna hata moja, ushauri wako haubadiliki, kwa sababu historia yako yenyewe inatosha. Mama aliyewahi kupata mtoto wa hivi anatakiwa dozi kubwa kuliko wengine, miligramu 4 kwa siku badala ya 0.4. Hiyo imetoka kwenye jaribio la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lilifanyika kwenye vituo 33 katika nchi 7 kwa akina mama ambao kila mmoja alishapata mtoto mwenye tatizo hili, na majibu yalipotoka 1991 waliomeza foliki asidi walipunguziwa uwezekano wa kurudia kwa asilimia 72, ikabidi jaribio lisimamishwe mapema maana ilikuwa si haki kuendelea kuwanyima wengine. Madukani kwetu utakuta kidonge cha miligramu 5, ndicho madaktari wengi wanachoandika. Nenda na mume mkaandikiwe, anza angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba, ikibidi miezi mitatu hamna ubaya, mpaka wiki ya 12, halafu urudi kwenye kidonge cha kawaida cha kliniki. Na mume aingie chumba cha daktari, asikae nje kwenye benchi. Akisikia mwenyewe atawaeleza dada zake.

*

SWALI: Mimi nina mimba ya miezi mitano, Tanga. Kliniki wamenipa SP ya kuzuia malaria. Nyumbani nameza foliki asidi ya miligramu 5, nilinunua mwenyewe. Jirani kasema havipatani, ni kweli au maneno ya mtaani?

JIBU: Jirani yako yuko sahihi, mpe salamu zangu. Kimelea cha malaria nacho kinahitaji foleti ili kizaliane, na SP inakiua kwa kuiziba hiyo njia ya kutengeneza na kutumia foleti. Ukimwaga foliki asidi nyingi mwilini unakipa pumzi. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba foliki asidi ya miligramu 5 au zaidi kwa siku isitumike pamoja na SP, ila ile ndogo ya miligramu 0.4 haina shida. Wewe umeshapita wiki ya 12, ile sababu kubwa ya mgongo wazi imeshapita, kwa hiyo kama hujaandikiwa dozi kubwa na daktari huna haja nayo. SP usiikatae hata siku moja kwa sababu ya hili. Wenye selimundu ambao wanameza miligramu 5 kila siku kwa maelekezo ya hospitali, nyie msiamue wenyewe, mwambieni nesi kabla hamjapewa SP ili wapange.

*

SWALI: Sasa dada, niko Kisumu, natumia ARV zenye dolutegravir. Nilisikia hiyo dawa inaleta watoto wa mgongo wazi kwa sababu inaharibu foleti. Nataka kushika mimba mwaka huu. Nibadilishe?

JIBU: Usibadilishe na wala usiruke dozi. Uliyoyasikia yalitoka Botswana, utafiti wa Tsepamo, ambao 2018 ulikuta watoto 4 kati ya 426 waliotungwa mama akiwa kwenye dolutegravir wana tatizo la mrija wa neva. Wakati ule ilitisha kweli, nchi kadhaa zikawazuia wanawake kupewa dawa hiyo, wengine wakaambiwa wachague kati ya dawa nzuri na uzazi wa mpango. Ila 426 ni wachache, na utafiti ulipoendelea ukafikisha maelfu tofauti ikapungua mwisho ikapotea kabisa, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wote wakiwemo wanawake wanaotaka kuzaa. Wewe meza foliki asidi yako ya 0.4 kuanzia leo kama mwanamke mwingine yeyote, na hakikisha virusi havionekani kwenye kipimo. Hicho ndo kinamlinda mtoto kuliko kitu kingine.

*

SWALI: Assalaam alaykum. Naandika kutoka Muscat. Mama yangu ana miaka 66, ana presha na kisukari, mwaka jana alipata kiharusi kidogo. Hospitali moja ya binafsi wakampima homosisteini ikawa 19, wakampima na MTHFR wakakuta T moja, sasa wameandika mfuko mzima wa vitamini na wanasema atumie maisha yake yote. Ganzi ya miguu pia anayo. Tunataka ushauri wako.

JIBU: Waalaykum salaam kaka, na mama mwambie shikamoo, Mungu amponye. Hapa patakuwa parefu kidogo maana kuna mambo mawili yamechanganywa.

Homosisteini ni taka inayobaki njiani wakati mwili unatengeneza vitu vingine, na ili iondoke inahitaji foleti na vitamini B12, njia nyingine inatumia B6. Kawaida iko kati ya 5 na 15, ya mama imepanda kiasi. Mwaka 1969 daktari mmoja Mmarekani, Kilmer McCully, alisema homosisteini ikizidi inaharibu mishipa, akapuuzwa, baadaye tafiti zikaonyesha kweli wenye homosisteini kubwa wanapata magonjwa ya moyo zaidi. Watu wakasema basi tuishushe kwa vitamini, tumemaliza. Kumbe. Jaribio la HOPE-2, majibu yake yalitoka 2006, liliwapa watu 5,522 foliki asidi, B6 na B12 kwa miaka mitano hivi, homosisteini ikashuka vizuri kabisa, lakini vifo vya moyo na shambulio la moyo havikupungua. Kiharusi kilipungua kidogo. China nao walifanya jaribio la watu 20,702 wenye presha, waliopewa dawa ya presha pamoja na foliki asidi walipata kiharusi cha kwanza pungufu kwa asilimia 21 kuliko waliopewa dawa ya presha peke yake, hiyo ilitoka 2015. Ila China unga hautiwi foliki kwa lazima, Oman unatiwa tangu miaka ya tisini, kwa hiyo mama anayekula mkate wa hapo kila asubuhi hayuko sehemu moja na mkulima wa Kichina. T moja ya MTHFR haielezi hiyo 19. T moja wanayo watu wengi mno duniani. Kile chama cha wataalamu wa jenetiki za tiba cha Marekani, ACMG, kiliandika 2013 kwamba kipimo cha MTHFR kisiagizwe kwa kutafuta sababu ya damu kuganda au mimba kutoka mara kwa mara, kwa sababu hakisaidii kuamua matibabu, na mpaka leo kinauzwa kama keki.

Mimi ningeuliza swali lingine: mama anatumia metfomini? Mwenye kisukari wa umri wake nina uhakika wa karibu kabisa kwamba anatumia, na metfomini ikitumika miaka mingi inapunguza B12. B12 ikishuka homosisteini inapanda, na miguu inakufa ganzi, ambayo kila mtu anadhani ni kisukari. Mpimeni B12 na figo, figo zikichoka nazo zinapandisha homosisteini. Mpimeni kabla hajaanza huo mfuko, kwa sababu foliki asidi nyingi inaweza kurekebisha damu ikaonekana safi huku B12 bado iko chini na neva zinaendelea kuharibika kimyakimya, mkija kushtuka ganzi haiondoki tena. Ndo maana kiwango cha juu kwa mtu mzima asiyeandikiwa na daktari ni mikrogramu 1,000 za foliki asidi kwa siku.

Halafu presha yake ishughulikiwe, chumvi ipungue, dawa za presha na ya kuzuia damu kuganda zimezwe bila kuruka. Hapo ndo kiharusi cha pili kinazuiwa. Kuna kitu kizuri kutoka Chuo Kikuu cha Ulster, Ireland ya Kaskazini, kimeng'enya cha MTHFR kinafanya kazi kikiwa kimeshikilia vitamini B2, yaani riboflavini, na cha wenye T mbili kinaiachia kirahisi, wakiongezewa miligramu 1.6 tu kwa siku presha yao inashuka kidogo. Wenye T moja kama mama hawakupata faida hiyo. Mayai na maziwa yana riboflavini ya kutosha, hamhitaji mfuko.

*

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Hiyo methilesheni wanayoisema mitandaoni ni nini hasa, na ni kweli alichokula mama kabla ya mimba kinaandikwa kwenye DNA ya mtoto?

JIBU: Swali tamu. Herufi za DNA hazibadiliki, ila juu yake mwili unabandika vipande vidogo, kaboni moja na haidrojeni tatu, na vikibandikwa kwenye sehemu fulani jeni inafifishwa au inazimwa. Ndo methilesheni. Vipande hivyo vinatoka kwenye mzunguko huohuo wa foleti, B12, kolini na methionini, kwa hiyo inaeleweka kwa nini mtu anajiuliza kuhusu chakula.

Ushahidi mzuri kwa binadamu uko Gambia, wilaya ya Kiang West, kijijini Keneba, ambako Waingereza wana kituo cha utafiti miaka mingi. Kule msimu wa mvua ni msimu wa njaa na jembe, ghala zimeisha na mazao bado yako shambani, msimu wa kiangazi chakula kipo. Watafiti walipima damu za wanawake karibu na wakati wa kutunga mimba, viwango vya vitamini vikatofautiana kwa msimu, halafu wakapima watoto, na kwenye sehemu fulani za DNA waliotungwa wakati wa mvua walikuwa na methilesheni tofauti na waliotungwa kiangazi. Hiyo ilichapishwa 2014. Na Uholanzi kuna ile njaa ya 1944 na 1945 wakati wa vita, watu waliotungwa njaa ikiwa kali walipimwa wakiwa na miaka kama 60, methilesheni kwenye jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, ikawa pungufu kidogo kuliko ya ndugu zao wa tumbo moja. Kidogo, lakini ipo.

Kutoka hapo kwenda kusema "meza kidonge hiki urekebishe methilesheni yako", hapo ni biashara. Hakuna kipimo cha dukani kinachoweza kukwambia methilesheni yako imekaa vibaya na kidonge gani kiinyooshe. Mtu akikuuzia hiyo, mwombe akuonyeshe jaribio.

*

SWALI: Sisi hatununui unga wa pakiti, tunasaga wenyewe mashine ya mtaani. Tunakosa nini?

JIBU: Mnakosa foliki asidi na madini waliyotia kiwandani. Kenya sheria ya kutia virutubishi kwenye unga wa mahindi na ngano ni ya 2012, Tanzania kanuni zake ni za 2011, ila mashine nyingi za mtaani hazina kile kifaa cha kuchanganyia, kwa hiyo ugali wa hapo ni mahindi tu. Fidia kwenye mboga: maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu, mchicha, matembele, majani ya maboga, karanga, parachichi. Mboga za majani zisichemshwe mpaka zikawa rojo na maji yake yakamwagwa, foleti inaondoka na maji, pika haraka na kama kuna mchuzi unywe. Maini yana foleti nyingi lakini mjamzito asiyazidishe kwa sababu ya vitamini A. Na mtoto mchanga msimnyweshe maziwa ya mbuzi matupu badala ya ya mama, foleti yake ni ndogo sana. Hata ukila vizuri hivyo, mwenye mpango wa kushika mimba kidonge cha 0.4 bado anakihitaji, na duka la dawa wakikuambia wana cha 5 tu usikikate vipande kwa kukisia, ulizia kwenye kituo cha afya vile vya madini chuma na foliki.